Dole la Kuazima

Watu wa masjala ya ardhi ya Mtulingo waliipa mashine ile jina la Bibi Harusi, na mtu asiwalaumu. Ilikuwa nyeupe, imefunikwa chandarua ili isiingiwe na vumbi, haikubali kuharakishwa, na jengo zima lilikuwa likiisubiri. Ilipandishwa milimani vipande vipande, ikaunganishwa katika ukumbi uliokuwa zamani wa mikutano. Ukungu wa Mtulingo, ambao huingia nyumbani kwa watu bila hodi, ulifika mpaka kizingiti cha ukumbi huo ukakoma, kwa sababu mashine haikupenda unyevu na iliupuliza nje polepole, kama mtu anayepoza chai. Ukisimama mlangoni asubuhi, nje ni weupe mtupu na ndani ni mwangaza, nawe hujui upande upi ndio unaoota.

Aliyeipangia kazi alikuwa Subilaga Mwakyambiki, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya faili. Miaka miwili mizima aliandika mpango wa kuhamisha majalada elfu tisini kutoka kwenye makabati yenye kutu kwenda Kumbukumbu Kuu, ile hifadhi ya taifa ambayo kitu kikishaingia hakitoki wala hakigeuki. Kila jalada lingechambuliwa. Pini zingeng'olewa, vumbi lingefutwa kwa brashi, kila folio, yaani kila karatasi ya jalada, ingesomwa na kupewa faharasa, kisha karatasi yenyewe ingesagwa iwe uji, na uji ule ungekwenda kutengeneza trei za mayai. Alipofika kwenye trei za mayai, kamati ilimpigia makofi.

Ndani ya mpango huo kulikuwa na mambo mawili aliyojivunia kuliko yote. La kwanza lilikuwa sentensi fupi: *Dole moja, mtu mmoja, bila udhuru.* Nchi ilikuwa imechoka na wezi wa ardhi. Palikuwa na watu waliokufa Machi na kuuza mashamba yao Juni. Bibi Harusi ilisoma alama ya dole gumba chini ya vumbi, chini ya chai iliyomwagika, chini ya miaka sitini, ikakusanya madole yote yanayofanana popote yalipo na kuyaweka chini ya mmiliki mmoja. Kama mmiliki ni marehemu, mali ilikwenda kwa mrithi wake palepale. Hakuna kubishana, hakuna wakili. La pili lilikuwa nafasi ya maoni. Zamani karani aliandika dokezo mpaka ukurasa ukajaa. Subilaga aliikata nafasi ile ikabaki ya herufi ishirini tu. "Watu wa masjala tuna maneno mengi," aliiambia kamati, na wala hakujitoa.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana alizaliwa humo. Baba yake, Angetile Mwakyambiki, alikuwa karani wa masjala ileile kwa miaka thelathini na mbili, na kiti chake bado kilikuwa pembeni ya dirisha, hakuna aliyethubutu kukikalia. Hakuacha nyumba ya maana wala ng'ombe. Aliacha neno. Mpaka leo, mtu wa Mtulingo akitaka kuapa kwamba jambo ni kweli tupu, husema, "Hili limepita kwa Angetile." Wauza viazi husema, watoto wa shule husema, na wengi wao hawajui hata Angetile alikuwa nani. Subilaga alipolisikia sokoni alinunua kitu hata kama hakukihitaji.

Bibi Harusi ilikuwa na tabia moja ambayo haikuwamo kwenye mpango. Ilisoma karatasi kwa kina mno, ikafikia jasho, moshi, pumzi za watu zilizokwama kwenye nyuzi za karatasi. Mtu akiweka kiganja kwenye kioo wakati folio inasomwa, alijikuta mahali pengine kwa muda mfupi. Mafundi waliita hali hiyo mabaki ya usomaji. Wafanyakazi waliita ndoto, wakawa wanazipokezana wakati wa chai. Sheria haikuzitambua kuwa ushahidi, na kwa sababu nzuri: watu wawili wakigusa folio moja, kila mmoja huota yake. Makame, mwendeshaji wa mashine, mtu wa Pemba aliyevaa masweta mawili mwaka mzima, alinusa karafuu katika kila jalada, hata la kiwanda cha viazi. Nani basi angejua nini kilikuwa cha karatasi na nini kilikuwa cha moyo wake?

*

Siku ya arobaini na moja ya kazi, Makame alimwita.

"Bibie, hebu njoo uutazame utajiri wako."

Subilaga alikwenda akifuta miwani. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya kijiji cha Lihangu, viwanja mia mbili na kumi na vinne, vyote vimepakwa rangi moja ya kijani. Chini yake mashine ilikuwa imeandika, kwa utulivu wake ule: *Mmiliki: Angetile Mwakyambiki, marehemu. Mrithi: Subilaga Mwakyambiki, mtoto pekee.*

Alicheka. Alicheka kweli, mpaka Makame naye akacheka. Kisha akaacha.

"Irudie," alisema.

"Nimeshairudia mara tatu. Dole ni lile lile moja, kuanzia kiwanja cha kwanza mpaka cha mwisho. Watu mia mbili na kumi na wanne, majina mbalimbali, dole la baba yako." Makame alijivuta ndani ya masweta yake. "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nyinyi mkaenda kukitungia sheria."

Subilaga alichukua jalada la karatasi, lile lenyewe, kabla halijapelekwa kusagwa. Hakuhitaji mashine kumwambia. Katikati ya alama ya dole kulikuwa na kovu lililokatiza kwa mshazari, kovu la kopo la maziwa, ambalo yeye mwenyewe utotoni alikuwa akilifuata kwa ncha ya kidole chake baba yake anapomsimulia hadithi. Alifungua jalada la pili. Kovu. La tatu, kovu. Na upande wa kushoto wa kila jalada, kwenye karatasi ya madokezo, palikuwa na mwandiko aliouzoea, ule wa herufi zilizolala kidogo kama zimechoka: *Mhusika alikuwepo.* Hakuna zaidi. Baba ambaye angeweza kuandika kurasa mbili juu ya kupotea kwa stapla, hapa aliandika maneno mawili mara mia mbili na kumi na nne.

Lihangu ilikuwaje, kila mzaliwa wa Mtulingo anajua, ingawa hawaisemi sana. Huko ndiko zilikokuwa zahanati na mabweni ya waliougua ukoma. Walipona, dawa ziliwaponya, lakini ndugu zao hawakuja kuwachukua. Ndipo serikali ya wakati huo ikaona iwagawie viwanja palepale walipo, na ikatuma karani mmoja, fomu, na kidau cha wino. Fomu ilitaka dole gumba. Hakuna aliyekaa kufikiri kwamba fomu inapelekwa kwa watu ambao ugonjwa uliwala vidole.

Na yeye Subilaga, miaka hamsini na sita baadaye, na shahada yake na kamati yake, alikuwa ameandika *bila udhuru*.

Alichagua jalada moja bila kuchagua. Kiwanja namba themanini na nane, Gwantwa binti Mwaipopo. Aliliweka chini ya mwanga, akaweka kiganja kwenye kioo.

Kwanza ulikuja ubaridi. Kisha harufu ya sabuni ya mashuka na moshi wa kuni mbichi. Alikuwa kwenye baraza ya zahanati, na mbele yake palikuwa na meza ambayo mguu mmoja umeegemezwa tofali. Baba yake alikaa nyuma ya meza, kijana, na nywele nyingi ambazo Subilaga hakuwahi kuziona kichwani kwake. Nyuma ya mwanamke aliyesimama mbele yake, watu walijipanga mstari mpaka ukungu ukawameza, na kutoka ndani ya ukungu vilisikika kikohozi na vicheko.

"Weka dole hapa, mama," alisema baba yake.

"Sina, Bwana Karani. Nilikuwa navyo."

Baba aliitazama fomu. Akamtazama mwanamke. Akautazama ule mstari.

"Mimi ninavyo kumi," alisema. "Nikuazime kimoja."

Mwanamke akacheka kicheko cha mtu ambaye hajaambiwa mzaha siku nyingi. Akaweka kilichobaki cha mkono wake juu ya mkono wa baba, na mikono ile miwili ikashuka pamoja kwenye wino, kisha kwenye karatasi, polepole, kama vile hakuna mtu mwingine anayesubiri.

"Linauma?" aliuliza mwanamke.

"La kuazima haliumi."

Mwanga ukazimika. Subilaga alikuwa ameshika kioo cha mashine, na mashavu yake yalikuwa yamelowa, na Makame alikuwa akitazama dari kwa adabu.

"Umeona nini?" hatimaye aliuliza.

"Sijui," Subilaga alijibu, na ulikuwa ukweli. Alimpenda baba yake. Wewe unayepanga kumwamini mtu anayeota juu ya baba yake ampendaye, panga vizuri. Hakumwambia Makame alichosikia, wala hakumwambia mtu mwingine yeyote.

*

Mkuu wa masjala, Bwana Kihwele, alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye Angetile ndiye aliyemfundisha kufungua jalada bila kurarua kona. Alimsikiliza Subilaga mpaka mwisho, akainuka, akafunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

"Andika mchwa," alisema.

"Mkuu?"

"Andika majalada ya Lihangu yameliwa na mchwa, dada. Mpango wako mwenyewe una kifungu cha yasiyosomeka. Jina la mzee litabaki safi."

"Na viwanja?"

Kihwele aliketi tena. Wote wawili walikijua kifungu hicho, mmoja alikiandika na mwingine alikitia saini. Ardhi isiyo na jalada hurudi halmashauri, na halmashauri ilikuwa tayari na mchoro wa Lihangu ukutani, bonde zima limefunikwa vioo vya kuvuna jua.

"Basi tuseme ukweli," alisema Subilaga. "Tumwite huyu Bibi Gwantwa. Nimeuliza, yu hai, ndiye peke yake aliyebaki kati yao. Aseme jinsi ilivyokuwa."

"Aseme kwamba dole si lake? Hati yenye dole lisilo la mhusika ni batili tangu siku iliyoandikwa. Ushahidi wake ndio utakaowafukuza wajukuu wa wenzake." Kihwele alisugua paji la uso. "Sheria haiulizi kwa nini."

Palibaki njia moja ambayo Subilaga aliiona nzuri kuliko zote, na aliijaribu mchana ule ule. Mpango ulikuwa wake. Aliandika aya mpya, nadhifu, yenye huruma: panapokuwa na sababu ya kibinadamu, dole la kuazima litambuliwe kuwa la aliyeazimwa. Akamwomba Makame aipitishe kwenye majalada yote elfu tisini, waone itawaokoa wangapi.

Bibi Harusi ilifikiri kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha madole yakaanza kujitokeza kwenye kioo, moja baada ya jingine. Yalikuwa elfu tatu na ushee. Mtu mmoja wa bondeni alikuwa amewawekea dole wajane saba, na watano kati yao walikuwa wameshazikwa tarehe hiyo. Mwingine aliwawekea dole wagonjwa wa kichaa wa wodi nzima. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kibinadamu, imeandikwa vizuri, imepigwa mhuri. Mlango aliomfungulia baba yake ulikuwa mpana, na nyuma ya baba walikuwa wamejipanga fisi.

"Niifute?" aliuliza Makame.

"Ifute," alisema Subilaga.

Aliondoka ofisini mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatembea hadi kwenye kilima cha antena na kukaa kwenye ngazi za zege. Chini yake Mtulingo ilikuwa ikitokea na kupotea ndani ya ukungu, paa hili, paa lile, mnara wa kanisa, kisha si chochote. Aliwaza kwamba bado kuna njia ya mwisho, na kwamba ameijua tangu Makame alipomwita, ila alikuwa akizunguka mbuyu tu.

Anyamaze. Aache mashine iseme ilichosema. Akubali kuwa mrithi wa viwanja mia mbili na kumi na vinne, halafu yeye, kwa dole lake mwenyewe lisilo na shaka, avihamishe kimoja kimoja kwa walio juu ya ardhi hiyo leo, ambao wana vidole vyao. Sheria isingekuwa na neno. Hakuna ambaye angefukuzwa.

Lakini Kumbukumbu Kuu haisahau na haielezi. Ingeandikwa humo, mpaka mwisho wa nchi, kwamba Angetile Mwakyambiki, karani wa serikali, alitumwa kwa wagonjwa na akajiandikia kijiji chao chote, na kwamba binti yake alikuja kukirudisha. Karatasi ambayo ingeweza kulitilia shaka jambo hilo ingekuwa imebeba mayai. Yeye ndiye angesifiwa. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba ili kuwaokoa watu wa baba yake ilimbidi apande juu ya kaburi la baba yake na kupigiwa makofi.

Alilia hapo kwenye ngazi, bila kujificha, maana ukungu ulikuwa mzito. Kisha akapiga moyo konde na kushuka.

*

Uhamisho ulichukua siku tisa. Watu wa Lihangu walifika kwa zamu, wakaingia ukumbini wakipepesa macho kwa ule mwangaza, wakakaa kwenye mabenchi kimya kama wanaosubiri ubatizo. Subilaga aliweka dole, mpokeaji akaweka dole, Bibi Harusi ikavuta pumzi, na kwenye ramani doa moja la kijani likageuka rangi. Katika ile nafasi ya herufi ishirini, kila mara, Subilaga aliandika *Mhusika alikuwepo*. Makame alihesabu herufi, akakuta zinatosha na nafasi inabaki.

"Haitasaidia kitu," alisema.

"Najua."

"Basi nami nitakuwa nakuandikia, mikono yako imechoka."

Mji, kama ilivyo ada ya mji, ulijua kabla ya siku ya pili. Wazee waliomjua Angetile walinyamaza na kuinamisha vichwa, na huko kunyamaza kwao kulikuwa kubaya kuliko matusi. Vijana hawakunyamaza. Siku ya saba Subilaga alikuwa kwenye foleni ya maji ya moto ya kantini, na mbele yake karani mmoja wa mipango miji alikuwa akimuuliza mwenzake iko wapi keki aliyoiacha mezani.

"Keki?" mwenzake alijibu. "Hiyo imepita kwa Angetile."

Wakacheka, wakageuka, wakamwona. Kicheko kikawafia mdomoni. Subilaga alijaza kikombe chake, akakiweka chini kwa uangalifu, akarudi ukumbini bila kukinywa. Basi ndivyo neno linavyokufa. Halizikwi, linaendelea kutembea likiwa limevaa nguo za mwingine.

Alasiri ya siku ya tisa, viwanja mia mbili na kumi na vitatu vilikuwa vimehamishwa. Mabenchi yalikuwa matupu. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini na kusimama kama kawaida yake, na ndani ya ukungu ule akatokea bibi mdogo wa umbo, amejifunga vitenge viwili, ameegemea mwendo wake mwenyewe bila fimbo, maana fimbo hushikwa kwa vidole.

Subilaga alisimama kabla hajajua kwa nini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye themanini na nane." Alikaa kwenye benchi la mbele, akaitazama mashine toka juu hadi chini. "Ndiyo hii inayosema baba yako alitunyang'anya?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe umesemaje?"

Subilaga alitaka kueleza habari ya kifungu, ya hati batili, ya fisi. Akaona hana herufi za kutosha.

"Nimenyamaza," alisema.

Bibi Gwantwa alitikisa kichwa polepole, na haikujulikana kama anakubali au anasikitika. "Vijana nyumbani wamenieleza mashine ilivyosema, mengine nimejijazia mwenyewe. Ukisema, tunafukuzwa. Sisi pia tulinyamaza, mwanangu. Miaka hamsini na sita, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mtoto wake dole lile la nani. Tuliapa."

Makame alisafisha koo. Alikuwa na kazi mbaya na aliifanya kwa upole. Alieleza kwamba ili kiwanja kiandikwe kwa jina lake, Bibi anapaswa kuweka dole kwenye kioo. Macho na uso, mashine haikupangiwa kupokea, kwa kuwa majalada ya zamani hayakuwa nayo. Kamati ingekaa mwakani, pengine ingefikiria. Au Bibi amtaje mtoto, mjukuu, mtu yeyote mwenye kidole.

"Sina mtoto," alisema Bibi Gwantwa. "Mwakani nako ni mbali."

Alinyanyua mkono wake kutoka kwenye kitenge, laini, wa mviringo, uliopona zamani, akautazama kana kwamba ni wa mtu anayemfahamu kidogo. Subilaga alishindwa kuvumilia.

"Ni mimi niliyeandika, Bibi," alisema, na sauti ilimkatika. "Mimi ndiye niliyeandika bila udhuru. Nilikaa mezani miaka miwili, binti wa Angetile, na sikukumbuka kwamba mpo. Nisamehe."

"Fomu ya kwanza nayo iliandikwa na mtu mwenye vidole," alisema Bibi Gwantwa. "Usilie kwenye mashine, itapata kutu." Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. "Sikiliza. Kiandike kwako. Nimelala juu ya dole la baba yako tangu nina miaka thelathini, halikuwahi kunitupa. Nitalala juu ya lako. Nikifa, utajua la kufanya."

"Kitabaki jina langu, Bibi. Watu watasema nimejibakizia."

"Watasema," alikubali bibi.

Makame alikuwa ameshafungua ukurasa wa mrithi, maana anayebaki na kiwanja naye huthibitisha kwa dole. Subilaga aliketi kwenye benchi, akavua miwani, akanyoosha dole gumba kuelekea kwenye kioo.  Halikuwa na kovu. Alifikiri juu ya kijana mwenye nywele nyingi, na mstari wa watu ndani ya ukungu, na akajiuliza kwa mara ya mia kama aliwahi kuwepo kijana huyo, au kama binti mpweke alimtunga kutokana na harufu ya sabuni.

Ndipo akahisi uzito. Bibi Gwantwa alikuwa ameweka mkono wake juu ya mkono wake, joto, bila kuomba ruhusa, na mikono ile miwili ilishuka pamoja. Kioo kilikuwa baridi. Bibi Harusi ikavuta pumzi.

"Linauma?" aliuliza Bibi Gwantwa.

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba Subilaga alisikia ukungu ukigusa kizingiti. Alijibu bila kumtazama, kwa sauti ndogo.

"La kuazima haliumi."

Mkono wa bibi ulishtuka juu ya mkono wake, lakini haukuondoka. 

"Maneno hayo," alisema Bibi Gwantwa, "nani alikuambia? Tulikuwa wawili tu mezani."

Subilaga aliufunika mkono wa bibi kwa mkono wake wa pili. Kwenye kioo mashine iliandika kwamba imesoma dole moja, la mtu mmoja, na kwamba imeridhika. Makame alisubiri, vidole vyake juu ya herufi, mpaka ikaonekana wazi kwamba wanawake wale wawili hawana haraka ya kuachana mikono. Basi katika nafasi ya maoni aliandika mwenyewe, bila kuambiwa, *Mhusika yupo*, akaituma Kumbukumbu Kuu, kisha akavua sweta lake moja na kumfunika bibi mabegani.